Vichwa vya Kamba

Kwa Somoe, uliyeko chumba cha pili ukipigana na zipu ya begi,

Leo nakujibu marahaba kabla hujaniamkia, maana ukishaisoma barua hii sijui kama shikamoo yako itatoka kwa moyo. Barua za namna hii watu huandika usiku, mlango umefungwa. Mie naandika alasiri kwa sababu usiku macho yangu hayatofautishi herufi na sisimizi, na miwani niliivunja kwa kuikalia, kama nilivyokalia mambo mengine mengi.

Sitakuambia uchunge simu ukifika Dar kubadilisha basi. Mama yako ameshasema mara nne, na mara ya nne ulijibu "ndiyo mama" kabla hajafungua mdomo. Langu ni moja tu: lile faili la bluu. Mkataba wa Chungu Fahari, ile kampuni ya migahawa, unaokwenda kuusaini Dodoma keshokutwa. Nitaiweka barua hii juu yake, ndani ya begi, ili usiweze kuutoa mkataba bila kunigusa mimi kwanza.

Mwanangu, umenicheka sana kwa ajili ya tawi lao nililolifungua. Nakumbuka Idi ile ulipowaambia wageni, "Baba alikodishwa jina kubwa, akawalisha kuku wa bure marafiki zake mpaka jina likafa njaa." Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Nikaongeza na chumvi yangu, kwamba faida niliila paja kwa paja. Hapakuwa na marafiki wala kuku wa bure. Nilikubali kuitwa mjinga kwa sababu mjinga ni jina jepesi, unaweza kulivaa hata sikukuu. Lile ninalostahili ni zito zaidi, na leo nakupa ulipime mwenyewe.

Wewe ulikuwa bado bwenini wakati mgahawa wa mama yako umeshamiri. Uliuona likizo tu. Nguzo sita, makuti juu, mabenchi yaliyochana sketi za walimu wote wa Kibiti. Kibao nilikiandika mimi kwa rangi iliyobaki ya milango: KWA MAMA SOMOE. Ile S ya jina lako niliiandika ikitazama nyuma, na mama yako akakataa nisiirekebishe. Alisema, "Iache, wajue mume wangu ndiye kaandika." Mabasi ya Lindi na Mtwara yalikuwa yakisimama hapo hata bila abiria wa kushuka. Dereva anaacha injini inanguruma, anaingia, anakula wali wa kamba, anatoka akijifuta ndevu. Makondakta wakaacha kuita stendi. Wakawa wanaita jina lako.

Wali ule ulijua ladha yake, lakini hukujua asili yake. Mchele wa Mbwera kule deltani, kutoka kwa mjomba wako, unakuja na boti mpaka Nyamisati. Kamba wa huko huko. Upishi wenyewe mama yako alifundishwa na bibi yako siku alipotolewa mwali kabla ya harusi yake, ndani, wanawake peke yao. Naye bibi yako alifundishwa vivyo hivyo. Haukuwa uchawi, ulikuwa wali. Lakini ulikuwa na mlango wake wa kupitia, na mlango huo ulikuwa unakusubiri wewe, siku yako. Mimi mwanamume sikutakiwa kujua zaidi ya kula na kusema alhamdulillahi.

Sasa, ni nini kilichonipata? Ningependa kusema shida. Hatukuwa na shida. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa ghala la korosho, nakaa kibarazani kama kikapu kilichorudi sokoni, na kila anayepita ananisalimu, "Habari za leo, Mume wa Mama Somoe." Imamu aliniita hivyo. Mtoto wa darasa la pili aliniita hivyo. Mwanamume mwenye kiburi kidogo kama changu anaweza kuvumilia mengi, Somoe, ila si kuwa mume wa jina la mtu. Nikataka jina langu. Na angalia akili yangu ilivyo fupi: nilipotaka jina langu, nilikwenda kukodi la watu wengine.

Akaja Bwana Maganga, afisa matawi wa Chungu Fahari, na gari jeupe na vipeperushi vinavyong'aa. Mnyamwezi wa Tabora. Nawe unajua, Mnyamwezi akikanyaga Pwani ni mtani wetu, utani tumeurithi kwa babu yake na babu yangu. Hakumaliza hata kukaa nikamwambia, "Wewe mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kuvaa viatu?" Akajibu, "Nimevirithi kwa marehemu baba yako, aliniachia kwa wosia." Basi, ikawa kicheko toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimwona ndugu. Kumbe mtu anaweza kuwa mtani wako wa kweli na bado akawa yuko kazini.

Alinieleza kwamba unalipa kiingilio, unapewa jina, rangi, majiko na mafunzo, kisha kila mwezi unawakatia fungu lao. Kiingilio kilinizidi kimo. Akasema ipo njia. Tawi jipya likileta chakula cha eneo lake, makao makuu wakakipenda, kiingilio kinashuka karibu nusu. "Andika tu unavyopikwa," akasema. "Vipimo, muda, kila kitu."

Hapa ndipo pa kunitemea mate, mwanangu. Kama unasoma ndani ya basi, tumia leso.

Siku ya pili yake niliingia jikoni kwa mama yako, nikaketi juu ya mbuzi, nikaanza kumkunia nazi. Mimi! Ambaye nilikuwa sijui nazi inavunjwa upande gani. Mama yako alisimama na mwiko hewani. Akaniuliza, "Baba Somoe, unaumwa?" Nikasema, "Nimeona unachoka." Nilikuna nazi kiasi cha wiki mbili. Vidole vilichubuka, na kila jioni nilirudi chumbani nikaandika kwenye daftari la ghala: tui la kwanza liwekwe kando, vichwa vya kamba vitwangwe na maganda yake, vichujwe kwa tui la pili, mchele uingie, makaa yapaliwe juu ya kifuniko. Nilihesabu vichwa. Siku moja nilimuuliza kwa sauti, "Hivi ni vingapi hivi?" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Una nini leo? Unataka kuolewa?"

Na siyo hilo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba alifurahi. Aliwaambia majirani. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mama Zuhura wa vitumbua, "Mwenzangu, uzeeni kanikumbuka. Ananikunia nazi." Kwa majuma yale mawili mama yako alijiona mke anayependwa kuliko wote Kibiti, na mimi nilikuwa namwibia huku nimekaa juu ya mbuzi yake.

Makao makuu wakapenda. Siku ya kusaini, Maganga alisukuma makaratasi mbele yangu na kusema, "Mtani, soma vizuri. Ukishasaini hapa, hata mkeo atapika kwa ruhusa yangu." Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamjibu, "Mchukue, na mama mkwe nakuongezea." Nikasaini. Ndipo nikaondoka nikijiona nimemshinda kwa maneno. Baadaye, mambo yalipoharibika, nilimpigia simu kumlaani. Akasema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, mimi nilikuambia." Na ni kweli aliniambia. Kifungu cha kumi na nne: upishi wowote uliowasilishwa, na chochote mwenye tawi atakachokijua kuhusu upishi huo sasa au baadaye, ni mali ya kampuni, na hakuna ruhusa ya kuuuza nje ya jina lake. Aliusema ukweli wote mbele ya mashahidi. Mimi nikausikia kama utani, kwa sababu kwetu anayetaka kukuua hakuchekeshi kwanza.

Kibao chenye S iliyotazama nyuma kikashushwa. Nilimwambia mama yako ni jina tu linabadilika, wali ni ule ule. Wali wa kamba haukurudi jikoni. Mimi waliniambia bado unafanyiwa kazi makao makuu. Badala yake lori likaleta kuku waliogandishwa na magunia ya mchele kutoka ghala lao, tena kwa amri, marufuku kununua kwingine. Fikiria, mwanangu: Kibiti, Rufiji nzima inalima mpunga, na mama yako amesimama na kofia nyekundu kichwani anapakua mchele uliopanda lori kutoka Dar. Mjomba wako alileta gunia la Mbwera kama kawaida, nikamrudisha nalo. Alinitazama tu. Akasema, "Shemeji, huu nao ni mchele, au macho yangu?" Akalibeba akaondoka, na mpaka leo akija hapa anakunywa maji anaaga.

Ramadhani ilipoingia, mkataba ulitaka milango iwe wazi kuanzia saa tano asubuhi. Tukafungua. Viti vitupu, redio ya kampuni inaimba, na watu wanapita kwenda msikitini bila kugeuza shingo. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana.

Kisha mwaka wa pili akaja yule dereva mnene wa Mtwara, yule aliyezoea kukuletea machungwa. Akaegemea kaunta akasema, "Mama Somoe, hongera bwana! Wali wako nimeula Mbagala. Kwenye boksi! Umeandikwa Wali wa Bibi wa Pwani." Mama yako akatabasamu, akamhudumia kuku wake, akamrudishia chenji. Halafu akaivua ile kofia nyekundu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta. Akanifuata uani nilipokuwa. Hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja.

"Baba Somoe, kumbe zile nazi ulikuwa unanikunia ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi siku hiyo. Yote yalikuwa yanahusu kiingilio. Nilipomaliza alisema, "Sawa," akaenda nyumbani. Hakuikanyaga kaunta ile tena. Bila yeye tawi lilikwenda miezi michache kama kuku aliyekatwa kichwa, likaanguka. Na mkataba ukanifuata hata baada ya tawi kufa: sisi wawili tusiuze chakula chochote wilayani kwa miaka mitatu.

Ulipopiga simu kutoka chuoni kuuliza kulikoni, nilikuambia nimeshindwa hesabu. Mama yako alikuwa amekaa karibu yangu, alisikia. Nilipokata simu akasema, "Mwache ajue hivyo. Sitaki mwanangu amchukie baba yake. Mimi mmoja natosha." Tangu hapo hajanigombeza hata siku moja. Ila ile mbuzi haniruhusu kuigusa. Nikinyoosha mkono tu, anaichukua. Na nyumba hii, umeona mwenyewe, hula wali mweupe. Umewahi kujiuliza kwa nini, sisi watu wa Rufiji, kamba haingii kwetu? Ulidhani mama ana mzio. Mimi ndiye niliyekuambia amepata mzio uzeeni.

Miaka mitatu ikaisha mwaka huu. Nilimwambia nikiwa na furaha ya kipuuzi, "Marufuku imekwisha, unaweza kupika." Akauliza, "Na wali wa kamba?" Nikasema huo bado, huo ni wao moja kwa moja. Akasema, "Basi mpike wewe. Si uliuandika?"

Ndipo ukaja wewe na faili lako. Ulilifungua hapa hapa mezani kwa kiburi cha mtu aliyesoma, ukaniambia, "Baba, safari hii anasaini mwenye akili." Ukamgeuzia mama yako picha: Wali wa Bibi wa Pwani, kwenye boksi, na jani la giligilani juu kama kilemba cha bwana harusi. Ukasema, "Ona mama, hata vya kwetu wanapika!" Mama yako akasema, "Kizuri." Akatoka kwenda kukung'uta jamvi lililokuwa safi. Nami nikajifanya natafuta miwani niliyokwisha kuivunja.

Umeuza shamba la korosho alilokuachia babu yako kwa ajili ya kiingilio hicho. Sikukuzuia, na sina ulimi wa kukuzuia leo. Biashara ya kukodi jina si haramu, na wapo wanaoneemeka nayo. Lakini kama ningepewa kuanza upya, nisingekwenda kutazama tawi linalozinduliwa kwa maputo. Ningemtafuta aliyefunga. Ningekaa naye mpaka aache kujisifu na aache kulaumu, nisikie kinachobaki. Ningesoma mlango wa kutokea kabla ya ule wa kuingilia, maana wa kuingilia wao wenyewe watakushika mkono wakuonyeshe. Na ningejiuliza, katika vitu ninavyopeleka pale, kipi hakikuwa changu. Mimi hilo la mwisho nililijua jibu lake. Ndiyo maana sikujiuliza.

Asubuhi nilimwambia mama yako kwamba nakuandikia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Utamwandikia yote?"

"Yote."

"Na la mbuzi?"

"Na la mbuzi."

Akapepeta kidogo. Nikajipa moyo, nikamwambia, "Basi kabla hajaondoka mwite umfundishe wali wake. Usimsubirishe harusi." Akacheka, kicheko ambacho sitaki urithi kwangu uwezo wa kukisababisha. "Nimfundishe nini? Atafundishwa Dodoma. Si umesema wana semina ya siku mbili, na cheti wanatoa?"

Nilidhani tumemaliza. Mara akasema, kama anaongea na ungo, "Kile walicho nacho hakijakamilika."

Nikamtazama.

"Kila siku ulipokuwa unakuna, kuna mahali nilikuwa nakutuma kuni. Unakumbuka? Kuni ziko tele jikoni nami nakutuma kuni. Bibi yake Somoe alisema mwanamume asione. Nilikuonea huruma jinsi ulivyokuwa ukikimbia kurudi."

Somoe, kipo kitu hakimo kwenye daftari langu, hakimo kwenye maboksi ya Mbagala, wala hakitakuwemo kwenye semina yako. Nilimuuliza kama atakupa. Nakuandikia jibu lake kama lilivyotoka: "Akirudi hajasaini, siku hiyo hiyo nampa, harusi au si harusi. Akisaini, asiniulize. Nikimpa, watakichukua na hicho."

Na ana haki. Nimekirudia kifungu cha kumi na nne kwenye nakala yako, herufi kwa herufi, kwa kioo cha kukuzia nilichoazima kwa fundi saa. Chochote utakachokijua, sasa au baadaye. Hakijabadilika hata nukta.

Kwa hiyo sikuchagulii. Ukisaini utakuwa na jina kubwa, majiko mapya, na pengine utafanikiwa, nami nitakuja nile kwenye boksi na nitalipa kama watu wengine. Lakini mama yako atakwenda kaburini na kile kilichobaki, na hutakuwa na pa kukiulizia. Ulikuwa hulijui hilo, na ungelipa kiingilio bila kulijua, kwa sababu baba yako aliona afadhali kuchekwa.

Kesho alfajiri nitakubebea begi mpaka pale pale ulipokuwa mgahawa. Kuna duka la spea za pikipiki sasa, na ukuta wake bado una rangi nyekundu ya kampuni. Basi likikaribia, kondakta atatoa kichwa dirishani na kuita, "Kwa Mama Somoe! Kwa Mama Somoe!" Bado wanaita. Wengi wao ni wageni, hawajui palikuwa na nini. Mama yako hapiti njia ile tangu siku ya kofia. Ila ameniambia kesho atakuja kukusindikiza.

Akishikilia mkono wako dirishani zaidi ya kawaida, usidhani ni safari tu.

Baba yako,
Mume wa Mama Somoe